Yule Aliyerudi Zongwe

Mujukuu wangu Feza,

Sisi wote hapa Kalemie tunakusalimia. Mama yako amepona malaria, na dada yako amezaa mutoto musichana. Wamemupa jina lako.

Unaniuliza ufanye nini, kwa sababu wavuvi wa huko kwenye barafu hawataki kusema na ninyi, wanasayansi muliotoka inchi nyingi kupima joto la bahari yao.

Nilipokuwa bibi-arusi kule Zongwe, kando ya ziwa, watafiti wa Burundi, Tanzania na Ulaya walikuja kupima joto la ziwa letu. Mume wangu, nkambo yako mwanaume, Papa Kisimba, akawanyima mutumbwi.

"Wenzenu walichukua maji yetu kwa chupa," akasema. "Mpaka leo hatujui waliona nini."

Mama mumoja kati ya watafiti hao, wa Kigoma, akamujibu: "Papa, mimi nitarudi, hata habari ikiwa mbaya."

Papa Kisimba akawapeleka ziwani, lakini hakumuamini.

Mwaka uliofuata yule mama akarudi kweli, na habari ilikuwa mbaya. Ziwa lilikuwa linapata joto, na chakula wanachokula ndagala, wale samaki wetu wadogo, kilikuwa kinapungua. Niliogopa wanaume watamufukuza. Papa Kisimba akamusogezea kiti.

"Asante kwa kurudi," akasema. "Sasa kaa, tuongee tutavua namna gani."

Wakatuita hata sisi wanawake tuliokuwa tunaanika samaki.

Basi, mutoto wangu, waulize hao wavuvi ni nani alikuja kabla yako na hakurudi. Anzia hapo.

Vaa nguo nzito, na Mungu akulinde kwenye baridi hiyo.

Nkambo yako anayekuwaza,
Mama Kisimba