Hedifoni za Mpira na Mguu wa Mama Mkwe

Jumamosi, saa tisa alasiri. Upepo wa ziwani unapiga mabati tangu asubuhi, mvua hakuna.

Ndugu yangu Mathayo, salaam katika jina la Bwana. Hamjambo wewe na mama watoto? Na kile kifua chako kimetulia, au baridi ya Musoma bado inakikoroga? Sisi huku Nyakato tunapumua. Tangu tulipopunguzwa kiwandani tulipatana kila mmoja aandike shajara yake, kisha tutumiane kurasa, tusije tukazeeka bila kujuana hali. Kurasa nyingi nimekuandikia juu ya maziwa na pikipiki. Ukurasa wa leo ni wa dhambi.

Nimemuunguza mama mkwe wangu.

Ngoja nianze na hedifoni, maana mambo yalianzia huko.

Kazi yangu ya sasa unaijua. Alfajiri nachukua maziwa Buhongwa, nayashusha kwenye hoteli za chai pale Nyamagana, kisha narudi nyumbani na madumu matupu. Njia nzima niko peke yangu na mngurumo wa injini. Sasa mwalimu wetu wa kwaya alipotugawia kaseti ya nyimbo mpya, ili sisi wa besi tuache kuburuta wenzetu, nikaona mahali pazuri pa kujifunzia ni palepale juu ya pikipiki. Wokmani ninayo, ya mtumba, inaning'inia mkandani na kucheza kaseti vizuri tu. Hedifoni zake ndizo zilikuwa zinalia upande mmoja.

Nikaenda Makoroboi kwa Mama Zuhura, yule muuza redio. Siku hizi dukani kwake utadhani meli imetapika. Si kama zamani tulipopanga foleni ya betri. Akanitandazia aina tatu juu ya kaunta. Za kwanza kubwa, zina upinde wa kupita kichwani. Sauti tamu, ila helmeti haiingii juu yake. Za pili bapa, zina sponji, zinakaa mlangoni mwa sikio. Nilizijaribu na helmeti palepale, watu wananicheka. Moja ikabaki, nyingine ikadondoka. Za tatu ndogo kama punje za mahindi, zimevishwa mpira, zinazama ndani ya tundu kabisa. Nilipozitia, Makoroboi yote ikanyamaza. Nikaona midomo ya Mama Zuhura inacheza tu.

Nikachomoa moja. "Unasemaje?"

"Ndiyo nasema hivyo! Mzee wa kanisa, ukitia hizo hata parapanda ya mwisho itakupita. Chukua za sponji, nitakushonea kamba zisidondoke."

"Za sponji zinaingiza upepo."

"Si ndio wa kusikia huo, baba, pamoja na honi! Haya, chukua unazotaka. Ila usije ukasema sikukwambia."

Nikachukua za mpira. Nataka unielewe hapo, Mathayo. Sikuzichagua kwa kutojua. Nilizichagua kwa sababu zinaziba.

Jumanne iliyopita mama mkwe akaja kutoka kwao Misungwi. Gari lilimshusha Buhongwa, nami nilikuwa hukohuko na madumu. Wewe Mjita, huenda kwenu kumelegea, lakini sisi Wasukuma mkwe ni mkwe. Simpi mkono. Sili naye. Nikimsalimu nachuchumaa pembeni, macho chini. Sasa mtu huyo nimpakie pikipiki? Lakini Rebeka, mke wangu, alishaniagiza: mama ana sukari, miguu inamsumbua, asihangaishwe kituoni, nimlete mwenyewe. Madumu nikayaacha kwa mwenye ng'ombe.

Wakati anapanda niligeuza uso nikatazama mawe ya mlimani, ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo sikuona amekaa upande gani. Alikaa upande wa ekzosi. Kikapu chake cha michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, akakiweka katikati yetu kama ukuta, akakikumbatia kwa mikono miwili.

Nami nikatia hedifoni.

Nilijiambia ni mazoezi ya kwaya. Ukweli ni kwamba kimya kile kiliniogopesha: mama mkwe mgongoni, maneno hakuna, na safari ndefu. Nikajificha humo ndani ya kaseti. Ingekuwa rumba ningemsingizia shetani. Ilikuwa kwaya tupu.

Tulipopita Mkolani sikuwa tena duniani. Karibu na Nyegezi ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, nikasimama, nikazima injini. Nikaona mtu wa baiskeli ananijia anahema, kashika kandambili moja mkononi. Nikachomoa za masikioni.

"We mzee una nini? Mama anakuita tangu kule juu, baba simama, baba simama, wewe unatingisha kichwa tu kama mjusi!"

Nikageuka, heshima ikanitoka. Kandambili ilikuwa imemvuka, mguu ukateleza pa kukanyagia, shavu la mguu likalalia ekzosi. Kile kibati cha kukinga joto kilishaanguka siku nyingi, sikurudishia. Angeachia kikapu auvute mguu, angeanguka. Mtu mwingine angenipiga ngumi mgongoni. Yeye hawezi kumgusa mkwe. Alikuwa na sauti tu, na sauti niliifungia mlango.

Yule wa baiskeli hakuwa amemaliza kunisuta. Mama akamwambia taratibu, "Mwache, mwanangu. Upepo ulikuwa mwingi balabalani."

Nami nikasema, "Ndiyo. Upepo."

Hapo ndipo nilipoanguka, Mathayo. Kuungua kwake unaweza ukaita ajali. Ule upepo nilioukubali mbele ya mtu mzima aliyekuwa anatetemeka kwa maumivu, huo hauna jina jingine.

Nyumbani alimwambia Rebeka amegusa bomba kidogo wakati wa kushuka, si kitu. Nikanyamaza. Akawa anafunika mguu kwa khanga. Alhamisi Rebeka akaona khanga imegandia kidonda, wakakimbilia hospitali. Nesi alisema kwa mwenye sukari kidonda kama kile si cha kuchezea, kisafishwe kila baada ya siku moja, na tukizembea mguu unaweza kuleta habari nyingine. Rebeka alinieleza maneno hayo akiwa analia. Nikampa pole. Pole, mimi!

Leo asubuhi nilikuwa nasugua madumu uani. Wako ndani, kidonda kinasafishwa, na Rebeka anamfokea mama yake.

"Mama na wewe! Tangu lini mtu anakaa upande wa ekzosi? Umri wote huo hujui kushuka? Shukuru Mungu umepata mkwe mtaratibu. Angekuwa mwingine angekubwaga mtaroni!"

"Ni kweli, mwanangu," mama akajibu. "Uzee."

Mkwe mtaratibu. Niliweka brashi chini.

Nilienda nyuma ya nyumba nikapiga magoti. Nikaanza, "Baba," nikakwama hapohapo. Neno hilohilo ndilo alilokuwa ananiitia njia nzima, sikuitika. Sasa na mimi niite nani?

Nikainuka bila kumaliza. Rebeka alikuwa amekwenda bombani, nikamfuata nikamwambia yote: hedifoni, mtu wa baiskeli, upepo. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Na mimi nimemtukana mama siku tatu," akasema. Kisha, "Usiniambie mimi. Mama yuko ndani."

"Naingiaje kwa mkwe, mama Neema?"

"Aibu hiyo ungeiona Jumanne."

Akabeba ndoo yake akaondoka.

Sikuingia. Nilichuchumaa nje ya mlango, uso ukutani, yeye akiwa ndani kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikasema. Sauti ilikuwa inakatika kama redio ya betri mbovu, lakini nilisema mpaka mwisho. Kwamba nilikuwa nimeziba masikio kwa makusudi. Kwamba nilikubali uongo wake ili nibaki mtu mzuri. Nikaomba msamaha.

Nilisikia kitanda kinalia anavyojigeuza.

"Nilijua, baba," akasema. "Nyuzi niliziona shingoni. Na ulikuwa unaimba kwa nguvu. Wimbo wa Mungu. Nikaita, nikaita, halafu nikasema, ngoja amalize."

Ngoja amalize.

Wimbo ule una beti tano, Mathayo.

"Na upepo, mama?" nikauliza. Sijui hata kwa nini niliuliza.

"Upepo nao ulikuwepo."

Nilidhani nikishakiri nitatua mzigo, kama tunavyofundishwa. Nimesamehewa, tena nilishasamehewa Jumanne ileile, kabla sijajua kuna kosa. Sikuona wepesi wowote. Rebeka ameniandalia chakula na hajanisemesha. Hedifoni ziko mfukoni. Siwezi kumuuzia mwendesha pikipiki mwenzangu, na kuzitupa naona kama kujionyesha. Na nikuambie yote: bado nazitamani. Ule utulivu unaonijia nikizitia, sijaupata hata kanisani.

Jumatatu mguu unasafishwa tena, huko hospitali, nesi auone. Nasikia mama anamtuma Rebeka aniambie nimpeleke mimi, kwa pikipiki, na safari hii nimwonyeshe pa kukaa. Rebeka amekataa katakata. Wanabishana humo ndani sasa hivi ninavyoandika, mama anasema, "Atasikia, huyo," na Rebeka anasema, "Kwa masikio yapi?" Mimi nimeshampelekea fundi pikipiki. Kibati kinafungwa leo.

Lipo moja linanisumbua, nalo ndilo nakuomba ushauri. Jumapili ya wiki ijayo kwaya inaimba wimbo ule mbele ya usharika wote. Besi wenzangu wananitegemea, maana mimi peke yangu nimeushika wote kwa kichwa. Mwalimu amenisifu mbele ya watu. Nami najua nilivyoushika, na nani alikuwa ananisubiri niumalize. Nisimame niuimbe, au nimweleze mwalimu nikae benchi? Nikikaa nitaulizwa kwa nini, na nikiulizwa sitasema tena habari za upepo.

Barua mpe kondakta wa basi la Mwanza, aiache kwa Mama Zuhura. Naomba unijibu mapema, kabla ya Jumapili hiyo.