Mayai ya Mama kwenye Treni ya Le Puy

Baba Neema mpenzi,

Huko Lakeville, Marekani, mnaendeleaje? Sisi wazima, ila mvua haikatiki. Usikasirike: lile gari ulilotukodia hapa Ufaransa sikulichukua. Mama yangu alilitazama, akasema kama ni kukaa kwenye gari, bora angebaki huko kwetu Lakeville. Tukapanda treni ndogo ya kutoka Lyon kwenda Le Puy, ile inayosimama kila kijiji.

Mbele yetu alikaa bibi mmoja Mfaransa na kikapu chake. Mama akatoa mayai ya kuchemsha, na chumvi kwenye karatasi, akamkaribisha kwa Kiswahili kana kwamba tuko Dodoma. Bibi akala. Naye akatoa jibini inayonuka kama soksi, na Mama, ambaye hata piza huibandua jibini, akaimaliza yote. Wakaongea saa mbili nzima, kila mtu kwa lugha yake. Mimi sikuhitajika.

Tangu aje kwetu tunampakia kwenye gari nyumbani, tunamshusha mlangoni pa kanisa Brooklyn Center, tunamrudisha. Halafu tunashangaa anapoulizia tiketi ya kurudi Dodoma.

Akaniuliza kama huko kwetu, mjini Minneapolis, kuna treni. Nikamwambia ipo, inapita pale pale uwanja wa ndege. Akaniuliza mbona hatujampandisha hata siku moja.

Nibusie watoto. Jumamosi usitufuate uwanja wa ndege. Tusubiri kituo cha treni cha Cedar-Riverside, na usishangae Mama akishuka anaagana na watu.

Mama Neema wako