Safu Mbili za Vigae Bafuni kwa Bwana Harding

KITUO CHA POLISI, KITALE
Maelezo ya shahidi, yaliyochukuliwa na Koplo Kiptanui, Jumatano tarehe 23 Machi 1955, saa tatu asubuhi

Jina: Nekoye binti Jotham Mukhisa
Umri: miaka 16
Kazi: sina. Nilimaliza darasa la nane Desemba iliyopita, sasa namsaidia baba jikoni
Makao: nyumba za wafanyakazi, shamba la Bwana Harding, barabara ya Endebess. Kwetu ni Kimilili

Jambo la kwanza sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Vigae vya safu ya nne na ya tano katika bafu jipya la Bwana Harding havikubandikwa na fundi Bashir. Nilivibandika mimi. Koplo ameniuliza mara mbili kama naelewa ninachosema. Naelewa.

Baba yangu ni mpishi wa Bwana Harding. Mwezi huu Bwana anatengeneza nyumba yake, na stoo ya zamani inageuzwa kuwa bafu. Fundi wa ukuta ni Bashir, mtu wa Bungoma mjini, anayekaa karibu na msikiti. Hubandika vigae vyeupe ambavyo yeye huviita taili. Huja Jumatatu, na Jumamosi mchana hupanda lori kurudi kwake.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai. Siku ya kwanza nilikuta vigae vimezama ndani ya pipa la maji, vinatoa mapovu na kulia kama kitu kinachokaangwa polepole. Sikuwahi kuona kitu kigumu hivyo kikinywa maji. Huwa naona haya kuzungumza na wakubwa, lakini siku hiyo niliuliza kabla sijajizuia.

“Iko na kiu,” Bashir akasema. “Ukiweka taili kavu, inakunywa maji yote ya simiti, halafu simiti inakufa. Ngoja mapovu iishe.”

Tangu hapo nilichelewa kurudi jikoni na kikombe chake. Nilisimama mlangoni nikitazama anavyovuta uzi wa kunyooshea safu, anavyopaka simiti mgongoni mwa kigae, anavyokisukuma kidogo hadi kikae.

Baba alinikuta hapo. “Nekoye, wacha kusumbua fundi. Simiti itakula hiyo mikono, halafu nani atakuoa?”

“Wacha aone, mzee,” Bashir akasema. “Macho yake haikuli chapati yangu.”

Mnamo Jumapili tarehe 20 Machi, Bwana na Memsahib waliondoka kwa gari kwenda kanisani mjini. Baba na mama walikwenda kanisani kwetu. Nilisema kichwa kinaniuma. Hakikuniuma. Nilichukua ufunguo wa mlango wa nyuma, unaoning'inia kwenye msumari jikoni, nikaingia bafuni. Sikutaka kitu cha mtu. Nilitaka kujua kama uzi na maji vitanitii na mimi.

Nililoweka vigae. Nilichanganya mchanga na simiti ndani ya karai kama nilivyoona. Kigae cha kwanza kilianguka. Cha pili kilikaa, nami nilikishika kwa kiganja muda mrefu nikiogopa kupumua. Nilipomaliza safu ya tano, saa ya sebuleni, hiyo inayotafutwa sasa, iligonga mara kumi na mbili. Niliisikia vizuri, kwa hiyo wakati huo ilikuwapo. Sebuleni sikuingia. Nilifunga mlango, nikarudisha ufunguo, nikaosha mikono.

Jumatatu asubuhi Bashir alirudi, nami nikapeleka chai. Memsahib alikuja akatazama ukuta.

“Hii nani naweka? Jumamosi hapana kuwa hapa.”

Bashir aligonga vigae vyangu kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko. Kilichokaa vizuri hutoa sauti nzito. Cha tatu kutoka dirishani, safu ya tano, kililia kama kibuyu kitupu, maana nilikitoa majini kabla hakijashiba. Bashir aligeuka akanitazama vidole. Simiti ilikuwa imenichubua.

“Ni mimi, Memsahib,” akasema. “Nilikuja jana kidogo, kazi iende mbele.”

Nilinyamaza. Nilidhani ananiepusha na kugombezwa tu. Nafikiri hata yeye alidhani hivyo.

Haukupita muda Memsahib alipiga kelele sebuleni. Saa haikuwa mahali pake. Alirudi bafuni pamoja na Bwana.

“Wewe nasema wewe nakuja jana!”

“Nimesema,” Bashir akajibu.

Angeweza kulirudisha neno lake. Hakulirudisha, wala hakunitazama tena. Askari walipokuja kumchukua alipita karibu nami akasema chini kwa chini, “Ile ya tatu itaanguka. Itoe mapema.”

Sijaitoa. Nimeiacha ili Koplo aigonge mwenyewe.

Wanasema Bashir ndiye aliyeingia nyumbani Jumapili kwa sababu hakuna mwingine shambani ajuaye kubandika taili. Mimi najua, kidogo. Najua pia kwamba sasa nitaulizwa mimi habari ya saa. Niulizwe. Sikuigusa, na aliyeichukua simjui.

Niliyoyafanya na niliyoyaona ni hayo, na sikulazimishwa kuyasema. Lakini wewe unayesoma, nakuomba kitu. Ufunguo ule baba amekabidhiwa miaka tisa, na Bwana akisikia anaweza kumfukuza. Sikuombi ufiche ukweli; Bashir na atoke. Nakuomba tu baba asiyasikie haya kwa askari wala kwa Bwana. Nitamwambia mwenyewe leo jioni, akimaliza kuosha sufuria. Mpaka hapo, tafadhali, usimwambie mtu.

(Sahihi) Nekoye J. Mukhisa

Maandishi ya Koplo: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Amesahihisha mahali pamoja: niliandika kwamba alimsaidia fundi kubandika, akataka isomeke kwamba alibandika. Bashir amekiri kuwa Jumapili alikuwa Bungoma, na dereva wa lori amethibitisha. Ametolewa mahabusu saa tisa alasiri. Saa ingali inatafutwa. Nitakwenda shambani kukigonga kigae hicho kesho asubuhi, si leo.

Kiptanui, Koplo