Mke Mwenza wa Ukutani

MAELEZO YA SHAHIDI
Yaliyoandikwa katika ofisi ya mkuu wa walinzi wa mji, Haarlem

Jina: Neeltje Jansdochter
Umri: Miaka 64
Kazi: Mama wa nyumbani, zamani mpaushaji wa vitambaa
Makazi: Kwa mume wangu, Govert Wouters, kando ya mto Spaarne

Nimekuja kwa hiari yangu, kwa sababu mjakazi wetu Fijtje amefungwa bure.

Niliolewa na Govert miaka minne iliyopita, baada ya yeye kufiwa na mkewe Machtelt. Nilidhani naingia nyumba isiyo na mwanamke, kumbe mke mwenza yuko ukutani. Sebuleni kulikuwa na picha mbili walizochorwa Govert na Machtelt uzeeni, mume kushoto, mke kulia, wakitazamana kama ilivyo desturi. Siku moja nilizibadilisha nafasi ili wapeane visogo. Govert alizirudisha.

Mnamo tarehe 9 Machi 1658, Jumamosi, saa tatu asubuhi, Fijtje alikuwa akisugua nyumba. Akasugua na picha ya Machtelt kwa maji ya majivu, uso ukatoka wote. Nilimwona na sikumzuia. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Govert alimwita mchoraji, Mzee Lubbert. Lubbert akasema, "Nguo na kola ni nzima, ila uso hakuna. Nitafutie bibi kizee akae nimchore."

Govert akanigeukia. "Si huyu hapa? Makunyanzi ni makunyanzi."

"Unanivalisha kola ya marehemu, Govert?"

"Acha hizo, bibi wee. Kaa tu."

Nilikaa siku nne, kola ya Machtelt shingoni. Lubbert alichora jicho langu la kushoto linalolegea na chunjua yangu ya kidevuni. Nilijiambia, sasa Govert atakuwa ananitazama mimi. Kazi ilipokwisha, Govert alisimama mbele ya picha akalia. "Ndiye," akasema. "Machtelt wangu mwenyewe." Nilikuwa ubavuni pake, kola ingali shingoni.

Tangu hapo kila asubuhi aliisalimu picha, "Umeamkaje, kipenzi?" Mimi aliniuliza, "Mkate uko wapi?" Roho iliniuma sana.

Tarehe 11 Mei, Jumamosi, saa nne asubuhi, Govert akiwa sokoni, nilichukua kisu cha samaki nikakwangua uso wangu pale pichani mpaka ubao ukaonekana. Fijtje alikuwa uani anaosha ndoo. Govert aliporudi alimshika yeye, kwa kuwa alishawahi kuiharibu. Jana nimesikia atachapwa hadharani na kufukuzwa mjini. Wivu ni wangu, asichapwe mtoto wa watu.

Hayo ndiyo niliyoyatenda kwa mkono wangu, na wa kushikwa ni mimi.

Alama ya shahidi: X

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi haya yote tarehe 14 Mei 1658, saa tano asubuhi, mumewe akiwapo. Ameyakubali, isipokuwa mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba alikwangua "uso wa marehemu". Amenitaka nifute niandike "uso wangu". Nimemwuliza mumewe kama ana pingamizi. Amemtazama mkewe kwa muda mrefu, akasema hana.