Wenzo Ulikuwa Mufukoni Mwangu

Mujukuu wangu Kapya,

Huku Molenbeek, Ubelgiji, tuko wazima. Bibi yako anakusalimia, anasema nisijisifu. Nimekataa.

Unauliza kiti gani ni cha mukubwa ndani ya lokomotivu. Bon, ya kwetu ilikuwa na viti viwili na meza mbili za kuendeshea, lakini wenzo wa kuchagua mbele ao nyuma ulikuwa mumoja tu, wa kuchomoa, na bila huo mashine haiendi. Mukubwa ni mwenye wenzo.

Siku ya mutihani wangu wa udereva nilishuka kukagua breki. Muzee mumoja wa kazi akarukia kiti changu mbele ya chef mwenye kunipima.

“Mutoto, angalia wanaume!”

Injini ikanguruma, mashine haikusogea. Nikatoa wenzo mufukoni.

“Papa, unatafuta hii?”

Chef alicheka mupaka machozi.

“Papa, ondoka. Dereva anataka kuketi.”

Dereva, Kapya! Aliniita mimi!

Babu yako