Mwalimu Rosa Ininahazwe: Mkono wa Claudine Umepona

Mama, mwaka umetimia tangu tulipokulaza kaburini Kitanga, na Baba bado anakuita akiingia mlangoni.

Ulifundisha baiolojia Kasulu kwa kelele na furaha. Kwaya ilikutegemea. Mgeni hakuondoka kwako bila ndizi, hata awe na haraka namna gani.

Binti yako Claudine alipojikata kifundo cha mkono wa kulia kwa panga kwa bahati mbaya, daktari aliiunga neva, lakini kidole gumba na cha shahada vilibaki na ganzi. Fundi cherehani asiyehisi sindano! Siku alipoungua na pasi bila kujua, alitaka kuiuza cherehani. Ukamkalisha jikoni.

"Nyama na ngozi ya kidole chako vinatengeneza protini," ulimwambia. "Zinailisha neva na kuielekeza ikue. Inakuja, ila haina mbio. Ihangane, mwana wanje. Vumilia, mwanangu."

Kila jioni alifumba macho, nawe ukamgusisha punje ya mahindi, kijiko cha baridi, kitambaa.

"Nini hiki?"

"Sijui, Mama."

"Haya, kesho tena."

Mkono ulipoanza kuwaka moto, alilia, wewe ukapiga vigelegele. Baba akaja juu: "Mtoto analia, wewe unashangilia?" Ukamweleza kwamba protini zilezile zinazoikuza neva huifanya iwe nyepesi kuhisi maumivu. "Ikiuma, mzee wangu, ipo hai." Akanuna, kisha akacheka.

Asubuhi moja moyo wako ukasimama, chaki zikiwa mkobani. Claudine alikushika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado haujui joto. Hilo alililia sana.

Basi tunakuletea habari, Mama. Baba alichukua zamu yako. Hajui baiolojia, lakini hakukosa jioni hata moja. Baada ya mavuno ya maharage, Claudine akiwa amefumba macho, Baba akauliza, "Nini hiki?"

Claudine akakipapasa. "Hiki si kijiko. Baba, ni kidole chako."



Sasa Claudine anashona tena. Magauni tuliyovaa leo kwenye ibada yako ni kazi yake.

Unakumbukwa na mumeo Kipriani Nduwayezu, wanao Claudine na Niyonzima, dada yako Mpawenimana wa Titye, na jirani yako Mwanaheri, anayekuombea dua kila Ijumaa.

Pumzika, Mwalimu wetu. Maisha yetu yote tutakutaja kwa upendo.