Nafasi Juu ya Pistoni

Gereji, Lushoto
Ijumaa

Kwa Baba yangu Nikodemo,

Shikamoo, Baba. Kifua kinaendeleaje na joto la huko Muheza? Dada Esta ameniambia kwamba siku hizi unalala bila kukohoa, na machungwa unayamaliza kabla wajukuu hawajaamka. Nilicheka, nikamshukuru Mungu. Sisi huku hatujambo. Mvua imeiharibu barabara ya Lukozi, magari yanavunjika, na gereji haikauki watu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika katikati, na barua haikatizwi. Nakuomba uisome yote.

Ujumbe wako niliupata kwa mzee Yohane. Alisimama mlangoni, akakataa hata chai, akasema umesikia kwamba mwanao Yusta analegeza injini za watu kwa kuzipunguzia kompresheni, na kwamba kabla ya Jumapili nimkabidhi kaka Alen funguo za gereji. Alen, Baba! Alen anayeuza makava ya simu Tanga, na akishika spana anaishika kama kijiko cha uji. Nilimwambia mzee Yohane akujibu kwamba nimesikia. Sikusema nimekubali.

Kompresheni, ule mbano wa hewa juu ya pistoni, ni kweli nimepunguza, wala sijifichi. Wewe ulinifundisha kwamba injini dume ni ile inayobana, na kwa injini inayovuta hewa yenyewe ulisema kweli. Lakini hewa ya milima yetu ni nyepesi, na gari likitoka Mombo na mzigo linafika Soni linahema. Tabo kazi yake ni kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Sasa chukua gunia la viazi lililokwisha kujaa mpaka mdomoni, kisha ulazimishe lumbesa humo humo: litapasuka. Lazima kwanza uache nafasi juu ya pistoni, ndipo usukume.

Hilo nililijua kwa kuumia. Mwaka jana kuna pikapu niliyoifungia tabo bila kupima chochote. Niliamini neno la mwenye gari kwamba injini ile haijawahi kufunguliwa. Tulipokaribia Soni ikaanza kugonga. Nikajidanganya kwamba ni mafuta mabaya, nikakanyaga, na pistoni ya pili ikatoboka. Nilivutwa na trekta mpaka mjini, na wapo waliopiga makofi. Nilipofungua na kupima silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, nikakuta imeliwa karibu milimita mbili. Mtu aliichonga mara tatu, kama tufanyavyo mafundi wote wa huku: gasketi inayokaa chini ya hedi ikiungua, hedi inapelekwa Tanga kuchongwa, inarudi, tunaifunga, tunanyamaza. Kila ikichongwa nafasi inapungua na injini inabana zaidi, na mwenyewe anajisifu kwamba gari limeongezeka nguvu.

Nililia siku moja. Ya pili nikaanza kutafuta hedi ambayo haijaguswa na pistoni zenye kibakuli juu. Clemence, yule mfua shaba wa sokoni, akanikatia gasketi nene, tukaipima mpaka akanichoka. Kompresheni ikashuka kutoka kumi na kitu mpaka nane na nusu. Ukiiwasha bila mzigo, kweli, imepoa kidogo, na hapo ndipo mzee Yohane alipoisikia akakimbia kukuletea habari. Hakusubiri tabo ishike. Jumanne nilipakia mifuko ishirini ya mbolea Mombo, nikapanda mpaka Lukozi bila kusimama Soni kupoza maji. Mansuri, mwenye mbolea, aliniuliza kama kuna njia nyingine ya mkato niliyopita.

Sasa, Baba, kama umesimama, kaa. Pikapu ile ni yako. Ndiyo hiyo niliyokuambia miezi minane yote kwamba imefunikwa turubai na inakungoja kama ulivyoiacha. Nilikudanganya, na kwa uongo huo nakuomba radhi kwa magoti. Kwa kuifungua siombi radhi. Na yule aliyeichonga hedi mara tatu, akatuambia nyumba nzima kwamba haijawahi kufunguliwa, unamjua. Sijamtaja kwa mtu yeyote, hata kwa Alen. Hedi yenyewe nimeifunga kwenye gunia, iko nyuma ya kiti.

Funguo sitoi. Mlango ule nimeufungua mimi kila asubuhi miaka minne, tangu baridi ilipokufukuza. Uliniacha niulinde, nami sikuulinda tu, niliufanyia kazi. Inaniuma kwamba ulimsikiliza Yohane habari za injini badala ya kuniuliza mimi. Alen akizitaka funguo, aje azitoe mfukoni mwangu mwenyewe.

Nisalimie dada Esta na watoto wote, na kijana wa duka la jirani anayekununulia dawa. Glory, aliyekuletea barua hii, nimemwonya asifungue mdomo mpaka ufike mstari wa mwisho. Maana unaposoma haya niko nje getini. Weka mkono kwenye boneti, utaikuta bado ya moto. Kwenye usukani nimekaa mimi, na sishuki. Kiti cha pembeni ni chako, Baba. Chukua koti, tupande Soni ukaisikie mwenyewe.

Mwanao mtiifu, isipokuwa kwa hili,

Fundi Yusta Nikodemo